Lulu Nyeusi za Marehemu Zuhura

Niliondoka Tanga kwa sababu ya swali la mtoto.

Mdogo wangu Zuhura alifariki mwanzoni mwa masika. Figo zilimchosha. Watu wa aliyekuwa mume wake walikuja kuzika kutoka Dar es Salaam, wakaja na Ilham, binti yake pekee, mwenye miaka tisa. Siku tulipoanua tanga nilikuwa uani nasugua masufuria, Ilham akaja akasimama nyuma yangu.

"Mama mkubwa," akasema, "ni kweli mama aliiba?"

Sufuria liliniponyoka. "Nani kakwambia?"

"Bibi."

Nilimwambia mama yake hakuiba kitu cha mtu. Akaitikia kwa kichwa kama mtoto aliyefundishwa adabu, lakini niliona wazi hakunisadiki. Bibi anayemlisha na kumsuka nywele ndiye aliyemwambia. Mimi ananiona Idi kwa Idi.

Habari yenyewe ni hii. Zuhura aliolewa Kariakoo na Hafidh, kijana wa ukoo wa Kiarabu wenye duka la vitambaa Mtaa wa Msimbazi. Siku ya harusi mama mkwe wake, Bi Thuwayba, alimvisha kidani cha lulu nyeusi mbele yetu sote. Alisema marehemu mumewe, Mzee Nassor, alizileta kutoka Maskati, na kwamba ni nyeusi za asili, zimezaliwa hivyo baharini. Miaka ikapita, uzi ukalegea, Bi Thuwayba akazipeleka kwa sonara zitungwe upya. Sonara akazirudisha na neno kwamba zimetiwa rangi. Jioni hiyo hiyo nyumba nzima ikaamua kuwa Zuhura kaziuza zile za kweli na kuweka bandia mahali pake. Aliapa kwa Mus'haf. Haikusaidia. Alipewa talaka, mtoto akabaki kwao, na kidani wakakitupa juu ya begi lake: "Beba na takataka zako." Alikileta nyumbani ndani ya soksi ya mtoto.

Mimi ni fundi cherehani, nashona magauni ya harusi hapa Ngamiani. Shanga za kushonea nazijua kwa kugusa tu. Lulu sikuwa nikizijua kabisa. Lakini baada ya swali la Ilham nililitoa sanduku la Zuhura uvunguni, nikachukua kidani.

Mama alikuwa barazani. "Unazipeleka wapi hizo?"

"Dar. Nataka mtu anayejua aniambie ni kitu gani."

"Waache, Saumu. Aliyekufa kafa."

"Ilham hajafa, mama."

Asubuhi ya safari alinifungia mkate wa kumimina kwenye karatasi, akanipa bila kunitazama.

Njiani mvua ilitushika tangu Muheza. Basi lilikuwa limejaa harufu ya machungwa na nguo mbichi. Nilikuwa nimeketi dirishani, kidani nimekifunga ndani ya kitambaa nikakitia kifuani. Tulipopita Segera mawingu yakapasuka kidogo, nikakitoa nikakitazama kwa mwanga wa mchana, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Lulu zilikuwa ndogo, za mviringo kamili, nyeusi zote kwa weusi mmoja. Nikakumbuka shingo ya Zuhura siku ya harusi, jinsi alivyokuwa akiinama kila mara kuzigusa. Mama mmoja niliyeketi naye akasema, "Mashallah, nzuri." Nikamwambia ni za mdogo wangu. Akaniuliza yuko wapi mdogo wangu. Nikafunga kitambaa.

Chalinze tulikaa muda mrefu sababu ya lori lililolala barabarani. Watu walishuka kununua mahindi ya kuchoma. Mimi sikushuka. Nilikuwa najipangia maneno ya kumwambia Bi Thuwayba, na kila nilipoyafikisha mwisho niliona yananichemka mdomoni, nikaanza upya.

Stendi ya Mbezi nilipanda basi la mwendokasi hadi Gerezani, ambako anaishi Shani, binamu yangu. Ana chumba katika nyumba ya zamani yenye ua wa pamoja, katikati ya karakana na maduka ya vipuri. Mchana kutwa husikii kitu ila nyundo juu ya bati. Yeye huamkia Feri kununua samaki, akawakaanga na kuwauza mlangoni pake.

"Mambo, da Saumu! Umekondaje hivyo?" akanikumbatia na mikono yake ya unga. Baadaye, nilipomweleza kilichonileta, aliacha kucheka. "Sikiliza, dada. Wale watu nawapita kila siku. Nilimwona Zuhura siku aliyotoka pale. Alibeba begi mwenyewe, Hafidh kasimama dukani anakunja kitambaa kama hamjui. Watu kama hao utawaambia nini?"

"Sijui bado," nikasema. "Nianze na sonara."

Asubuhi iliyofuata tuliingia Kariakoo pamoja. Vibarua walikuwa wanashusha marobota, kila mtu anapiga kelele apishwe, vikapu na mikokoteni inakugonga visigino. Duka la sonara aliyezitunga upya lilikuwa kwenye uchochoro, dogo, lina kioo mbele na feni inayolia. Mwenyewe, Bwana Karimu, ni mtu wa makamo mwenye sauti ya chini. Nilimsalimia, nikaweka kidani juu ya kioo. Hakuhitaji kuulizwa.

"Hizi nazijua," akasema. "Wewe ni nani kwake?"

"Dada yake."

"Hajambo?"

"Tumemzika."

Aliweka chini koleo aliyokuwa ameishika. Akasoma innalillahi, kisha akavuta kidani karibu na kunionyesha. Alinipa lenzi, akaniambia nitazame mdomo wa tundu, pale uzi unapoingia. Niliona weusi umejikusanya pembezoni mwa tundu, mzito kuliko sehemu nyingine, kama wanja uliovimba kwenye kona ya jicho.

"Lulu iliyozaliwa nyeusi haina hivyo," akasema. "Tena ukitazama za asili hazifanani. Moja ina ukijani, nyingine ina uzambarau, nyingine kama moshi. Na chaza mweusi huzaa lulu kubwa kubwa. Ndogo namna hii, duara hivi, zote rangi moja? Nilipokata uzi tu nikajua."

"Ukawaambia kabadilisha."

"Hapana, dada." Alinitazama usoni. "Mimi nilisema zimetiwa rangi. Sikusema zimebadilishwa. Hilo walilisema wao. Hata Hafidh hakuniuliza zimetiwa lini. Angeniuliza ningemwambia sijui, siwezi kujua kwa lenzi hii."

"Na ulipojua wamemwacha?"

"Nilijua," akasema. "Nikasema ni mambo ya nyumba za watu."

Shani alitaka kumjibu, nikamshika mkono. Bwana Karimu alituelekeza kwa mtu mwenye vifaa: Bi Nargis, Kisutu, ghorofani juu ya kliniki ya meno. Alisema huyo alisomea vito ughaibuni, na kwamba wafanyabiashara wa madini wakibishana huenda kwake.

Kisutu tulifika kabla ya adhuhuri. Ofisi ilikuwa chumba kimoja kilichofungwa mapazia. Bi Nargis ni mama wa kama miaka hamsini na kitu, amevaa kizibao juu ya gauni, miwani miwili, mmoja usoni na mmoja kichwani. Alinisikiliza bila kunikatiza, kisha akaosha mikono na kuanza.

Alichovya pamba kwenye asetoni, ile dawa ya kufutia rangi ya kucha, akasugua lulu moja taratibu karibu na tundu. Pamba ilitoka safi. Nilishtuka kwa furaha, nikadhani Bwana Karimu kakosea. Bi Nargis akatikisa kichwa.

"Wino wa kawaida ungeacha alama hapa. Hii ina maana si wino wa kawaida, basi. Bado hatujasema ni ya asili."

Alinieleza kwamba lulu nyeusi huja kwa njia tatu anazokutana nazo zaidi. Ya kwanza huzaliwa nyeusi ndani ya chaza mwenye midomo myeusi. Ya pili hupigwa mionzi, na hapo kiini chake cha ndani ndicho hugeuka cheusi. Ya tatu huchovywa kwenye dawa yenye madini ya fedha, kisha huachwa kwenye mwanga, fedha ikageuka nyeusi kama ilivyokuwa kwenye picha za zamani. Aliingiza lulu chini ya hadubini akanipisha nitazame. Kupitia tundu niliona kiini ni cheupe. "Mionzi tumeiondoa," akasema.

Akazima taa, akawasha ile taa ya miale isiyoonekana wanayokagulia noti benki. Kando ya lulu zetu aliweka moja ya kwake, aliyosema ni nyeusi ya asili. Ile ya kwake ikatoa wekundu wa kahawia, hafifu, kama kaa linalozimika. Zetu zilibaki kama mawe.

"Nitazipiga picha kwa mashine ya eksirei ya daktari wa meno hapo chini ili niwe na hakika," akasema, akiwasha taa. "Lakini sidhani kama nitakuwa nimekusaidia. Swali lako ni lini zilitiwa rangi. Mdogo wako wanasema alibadilisha. Mimi nikisema zimetiwa rangi, nitakuwa nimewapa wao haki."

Nilikuwa nimesafiri njia yote ile kwenda kuwathibitishia.

"Hakuna njia?"

"Ningepata lulu nyingine ya kidani hiki hiki, ambayo haijapata kuwa mikononi mwa mdogo wako. Moja tu."

Shani ndiye aliyesema. "Pete."

Na kweli. Bi Thuwayba alikuwa na pete ya lulu nyeusi, haimtoki kidoleni. Kila aliyehudhuria harusi ya Zuhura aliisikia habari yake: kidani kilikuwa kirefu mno, Mzee Nassor akatoa lulu moja ya mwisho akamtengenezea mke wake pete, kabla hata Hafidh hajazaliwa.

Alasiri nilikwenda Mtaa wa Msimbazi peke yangu. Shani aliniambia akiingia pale atavunja kitu. Hafidh alikuwa dukani, amenenepa, ndevu zimeanza mvi. Aliponiona alisimama.

"Shikamoo, shemeji." Hakuwa shemeji yangu tena lakini ulimi wake ulisema hivyo.

"Marahaba. Nataka kumwona mama yako."

Alinipandisha ghorofani. Bi Thuwayba alikuwa kwenye kochi, mguu mmoja ameuweka juu ya mto sababu ya sukari. Ilham alikuwa bado madrasa. Nilitoa shikamoo, akaitikia, akaagiza niletewe kahawa. Sikuinywa. Nilimweleza nimetoka wapi na lulu zimepimwa.

"Zimetiwa rangi," nikasema.

"Hilo tunalijua. Ndiyo maana mdogo wako yuko huko kwenu." Akajirekebisha. "Mungu amrehemu."

"Pete yako je?"

Aliitazama kidoleni. Nilidhani atanifukuza. Badala yake alitabasamu, tabasamu la mtu aliyeombwa kufanya jambo analolipenda.

"Hii aliitoa mume wangu kwa mkono wake kwenye kidani kile, mimi nimekaa mbele yake. Unataka ipimwe? Ipimwe. Kesho nitakuja mwenyewe. Hafidh, utanileta. Ipimwe mbele yenu, mwone lulu ya kweli inafananaje, halafu usinitajie tena habari hii mpaka naingia kaburini."

Hafidh alinisindikiza ngazini. "Saumu," akasema, "ukiacha kama ilivyo haitakuwa bora?"

"Bora kwa nani?"

Akarudi dukani.

Kesho yake, asubuhi, tulikutana Kisutu. Bi Thuwayba alivaa baibui jipya na manukato ya udi, akazipanda ngazi kwa kushikwa mkono, akipumzika kila kituo. Alimsalimia Bi Nargis kama anayemjua zamani. Akaivua pete kwa sabuni, maana kidole kilikuwa kimevimba, akaiweka juu ya kitambaa cheupe.

Bi Nargis aliomba ruhusa ya kuibandua lulu kwenye dhahabu yake, akapewa. Ilipotoka tuliona imetobolewa pande zote mbili, na tundu la juu limezibwa kwa chembe ya dhahabu.

"Hii kweli ilikuwa ya kidani," akasema. "Lulu ya pete haitobolewi hivi."

"Nilikwambia," Bi Thuwayba akasema.

Bi Nargis akaipima, akaiweka kati ya zile za kidani, ikapotea. Ukubwa mmoja, weusi mmoja. Nilimwona Hafidh amekunja uso. Bi Nargis akaziweka chini ya ile taa ya miale, na ile ya kwake kando. Lulu ya asili ikawaka wekundu wake hafifu, za kidani zikabaki kama mawe, na ya pete ikabaki kama jiwe. Bi Nargis aliiacha taa ikiwaka ili kila mmoja atazame, kisha akachukua lulu mbili, ya pete na moja ya kidani, akateremka kwa daktari wa meno.

Tulikaa pale wanne, mimi, Hafidh, mama yake na Shani mlangoni. Feni ilikuwa inazunguka. Bi Thuwayba alikuwa anakisugua kidole pale pete ilipokuwa, ngozi yake nyeupe na yenye mkunjo.

Bi Nargis aliporudi alituonyesha picha kwenye kompyuta. Lulu mbili ubavu kwa ubavu, kila moja kiini cha kijivu, ganda jembamba juu yake, na katikati ya hivyo viwili mstari mweupe unaong'aa, umezunguka kama pete ya mwezi.

"Mstari huu ni fedha," akasema. "Dawa ilipenya ikatulia hapa. Zote mbili sawa. Unene wa ganda sawa, kazi ya dawa sawa. Kama hii ya pete ilitoka kwenye kidani kabla marehemu hajaolewa, basi kidani kilikuwa hivi hivi kabla hajaolewa."

"Mume wangu alijua?" Bi Thuwayba akauliza. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa.

"Hilo haliwezi kuonekana kwenye lulu, mama. Huenda alidanganywa na aliyemuuzia. Watu wengi wanadanganywa."

"Nirudishie pete yangu."

Bi Nargis akaibandika tena. Bi Thuwayba hakuivaa. Aliitia kwenye mkoba, akainuka, akashuka ngazi bila kupumzika.

Baada ya magharibi Hafidh alinipigia simu, akasema mama yake ananiita. Nilikwenda. Sebuleni kulikuwa na sisi watatu tu. Ilham nilisikia sauti yake chumba cha ndani, anarudia sura anayojifunza. Bi Thuwayba alikuwa amevua baibui, hana manukato, amevaa kanga, anaonekana mzee.

"Umepata ulichokuja kutafuta," akasema. "Mimi najua sasa kwamba nilimsingizia. Nitamwomba Mungu msamaha, hilo ni kati yangu na Yeye. Lakini sikiliza, mwanangu. Tumwite mtoto, tumwambie sonara alikosea. Lulu zimepimwa kwa mashine, zimeonekana ni za asili, kama babu yake alivyosema. Mama yake hakuiba. Yaishe."

Nakiri nilishawishika. Hakuna nilichokuwa nimekililia zaidi ya maneno matatu yale, mama yake hakuiba, na alikuwa tayari kuyasema usiku huo huo kwa kinywa chake. Ningerudi Tanga nimeyapata. Nilitazama mlango wa chumba cha ndani, nikamsikia Ilham amekosea aya, amerudi nyuma, ameisoma tena.

"Atakua," nikasema. "Siku moja uzi utakatika. Atazipeleka kwa sonara mwingine, naye atamwambia zimetiwa rangi. Atarudi kuuliza nani kaziuza. Wewe hutakuwepo, na mimi pengine sitakuwepo. Lawama zitamrudia mama yake tu."

"Unataka nimwambie mjukuu wangu babu yake alikuwa mwongo?"

"Hatujui kama alidanganya au alidanganywa."

"Mimi nitajuaje?" Hapo ndipo sauti ilipomvunjika. "Nimezivaa kila harusi ya mji huu. Nimewasimulia watu. Na yeye amekaa hapo hapo ananisikiliza ninavyosimulia, anatabasamu. Nitajuaje alikuwa anatabasamu nini?"

Nilimwonea huruma, na nikachukia kwamba namwonea huruma.

Hafidh ndiye aliyeinuka. Alikwenda mlangoni akaita, "Ilham, njoo." Mama yake akasema, "Hafidh." Hakugeuka. Mtoto alikuja na juzuu mkononi, akaniona, akanibusu mkono. Baba yake akapiga magoti mbele yake.

"Mama yako hakuiba," akasema. "Lulu zilikuwa zimetiwa rangi tangu babu yako alipozileta. Mama yako alipewa hivyo hivyo. Sisi tulimsingizia. Mimi nilimsingizia."

Ilham alitutazama mmoja mmoja. Akamtazama bibi yake kwa muda mrefu zaidi. Bi Thuwayba alikuwa ameelekeza uso dirishani.

"Na mama aliambiwa?" akauliza.

"Aliambiwa nini?"

"Kwamba hakuiba."

Nikasema mimi, "Mama yako alikuwa anajua mwenyewe kwamba hakuiba."

"Lakini alikuwa akipiga simu analia," Ilham akasema. "Alikuwa ananiambia, nitakuja kukuchukua wakishajua. Mmejua lini?"

"Leo," nikasema.

Hafidh aliondoka akaenda kusimama ngazini. Nilitoa kidani kwenye mkoba kwa sababu sikujua mikono yangu iende wapi, na Ilham akakinyooshea mkono. Nikampa. Alikiweka juu ya juzuu, akawa anazigusa lulu moja moja kwa kidole.

Nilimwomba Bi Thuwayba aniruhusu kumchukua mtoto likizo, aje Tanga azione shanga zangu, azuru kaburi la mama yake. Hakugeuka kutoka dirishani. "Ulichokuja kufanya umekifanya," akasema. "Ukitoka leo, usirudi hapa kwangu."

Asubuhi ya kuondoka Shani alinifungia samaki wa kukaanga kwenye gazeti, akanisindikiza hadi kituo cha mwendokasi. Alikuwa anaongea bila kupumzika, anasema tumeshinda, anasema mtaa mzima utajua, yeye mwenyewe atahakikisha. Nilimwomba asiseme kitu. "Kwa nini? Wao walisema!" Nikamwambia Ilham anaishi mtaa huo huo. Akanishika bega mpaka gari likaja. Njia yote ya kurudi nililala, usingizi wa kuchoka, nikaamka Muheza shingo inauma.

Nyumbani nilifika alasiri. Mama alikuwa barazani na ungo, anachambua mchele. Nilivua viatu nikakaa mkekani karibu naye, nikamsimulia yote, kuanzia kwa sonara mpaka picha ya mashine ya meno, mpaka Hafidh alipopiga magoti. Mikono yake ilikuwa imesimama.

"Rudia," akasema.

Nikarudia.

"Kwa hiyo hakuziuza."

"Hakuziuza, mama. Hazikuwahi kuwa kitu kingine."

Kisha akasema, "Mwaka ule nilipofanyiwa operesheni ya macho, Zuhura ndiye aliyeleta pesa. Sikumuuliza kazitoa wapi."

"Aliuza bangili za mahari yake. Mimi ndiye niliyempeleka kwa mnunuzi. Alisema tusikwambie, utakataa operesheni."

"Sikumuuliza," akasema tena. "Halafu akarudi, wanasema kauza lulu za watu. Nikajua ni macho haya. Nikasema moyoni, mwanangu kaiba kwa ajili yangu."

Nilitaka kumshika mkono. Akautoa.

"Siku ile ya mwisho ya Zuhura hospitali, wewe ulikwenda kununua maji. Nilimwinamia nikamwambia, mwanangu, mimi nimekusamehe, na Mungu atakusamehe."

"Akasema nini?"

"Hakusema kitu. Alinitazama. Nilidhani ananishukuru."

Siku hizi wateja wangu wakiniletea lulu za kushonea kwenye magauni nawaambia nilichojifunza kwa Bi Nargis. Nawaambia watazame mdomo wa tundu, watazame kama zote zina weusi mmoja, na wasimtuhumu mtu mpaka wajue rangi imeingia lini. Wananisikiliza, wengine wanacheka kwamba fundi cherehani kageuka sonara. Mama sijaweza kumwambia chochote kinachofaa. Alasiri ile nilikaa naye tukachambua mchele, pumba upande huu, vijiwe upande ule, mpaka mchele ukawa safi hauna kitu cha kutoa. Akaumimina wote chini, akaanza kuuchambua upya.